Niliwaficha Wakwe Moyo wa Binti Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usipoteze wakati ukitafuta mwingine wa kumulaumu. Si la daktari, si la mukwe wangu, wala si uchawi kama majirani walivyotaka iwe. Ni mimi mama, niliyemubeba tumboni, niliyemufikisha binti yangu pale alipo leo.

Jina sitoi. Ukipita soko la Kasongo utaniona, nauza samaki wa kukauka wanaotoka Nyangwe, na ulimi wangu unajulikana kuliko samaki wangu. Mutu akinibonyezea samaki kisha asinunue, namusomea ukoo wake mpaka babu. Na ulimi huo huo, siku moja tu ulipohitajika kusema maneno matano, ulikaa kimya.

Nina mutoto mumoja, wa kike. Hapa nitamuita Zuhura. Baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mambo yake yote nimeyaamua peke yangu. Hata lile baya niliamua peke yangu.

Zuhura alizaliwa na midomo ya rangi ya kidole kilichobanwa na mulango. Kucha vilevile. Alipoanza kucheza na wenzake, alikimbia kidogo tu, kisha akachuchumaa chini, magoti kifuani, anahema. Akimaliza kuhema anainuka, anaendelea na muchezo wake. Watoto wa kwetu wakamuita Chura. Kwa jina hilo nimepiga watoto wa watu, na mama zao nikawaambia waje nao wapate fungu lao.

Alipofika miaka minane nilimupeleka Bukavu. Safari yenyewe usiniulize. Daktari mumoja mwanamuke alimupaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha mashine inayoonyesha moyo kwenye televizyo. Akanichorea kwenye karatasi. Moyo wa Zuhura una tundu katikati, akasema, na bomba linalopeleka damu kwenye mapafu ni jembamba. Damu iliyochoka inachanganyika na damu nzuri, ndiyo maana midomo iko hivyo. Alizaliwa nao. Operasyo yake inafanyiwa mbali, ng'ambo, na wanaongoja ni wengi. Wakaandika jina letu. Mpaka leo hakuna aliyetuita.

Kisha yule daktari akanishika mukono. "Mama, sikiliza. Mutoto huyu anaweza kukua, akawa mutu muzima kabisa. Lakini siku atakayolazwa lopitali, hata kwa malaria, kitu cha kwanza wajue ni moyo huu. Damu yake ni nzito. Akiharisha ao akitapika, asiachwe akauke hata siku moja: anywe, awekewe seramu, yale maji ya mushipani, na ndani ya mupira wa seramu kusipite hata kipovu kimoja cha hewa. Pumzi ikimushinda, mumukunje magoti kifuani. Yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana anachuchumaa. Na akiolewa, mimba ni ya kuongea na daktari kwanza."

Yote hayo akayaandika kwa Kifaransa kwenye karatasi, akapiga muhuri. Akasema karatasi hiyo iende popote Zuhura anapoenda.

Niliitunza kwenye sanduku, katikati ya vikwembe vyangu, vile vitenge vizuri vya sikukuu. Miaka ikaenda. Zuhura akakua kweli, kama yule daktari alivyosema. Hakuweza kubeba beseni ya maji wala kutwanga majani ya muhogo ya sombe, lakini nilimununulia cherehani ya mukono, akashonea wanawake wa kwetu wote. Na ni mucheshi. Ukimukuta amechuchumaa mulangoni anahema, anakuambia, "Ngoja dada, gari inapoza injini."

Lakini majirani wana midomo. Wenzake waliolewa, mumoja mumoja, naye akabaki. Siku moja mwanamuke wa nyumba ya pili aliniambia mbele ya wateja wangu, "Wako huyo ni wa kutunza, si wa kuoa." Nilimujibu maneno ambayo hapa hayaandikiki. Lakini yalikuwa yameniingia. Nilirudi nyumbani nikamuangalia binti yangu akishona, nikaapa nitamuoza hata kama ni kwa kudanganya dunia nzima.

Basi akaja mutu. Kijana wa Kabambare, anauza vipuri vya pikipiki kule Salamabila wanakochimba zahabu. Alimuona Zuhura kwenye ndoa moja hapa Kasongo, ameketi na wenzake, anachekesha watu. Akauliza ni binti wa nani. Haikupita muda akatuma ndugu zake kuposa.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Siku ya wakwe kuja nilimupaka Zuhura hina vidole vyote, nikairudia kwenye kucha mpaka ikawa nyeusi. Midomo nikaipaka rangi nyekundu, ile ya maharusi. Nikamuketisha kwenye mukeka kabla hawajafika, ili asionekane akitembea. Wale wanawake wakamusifu sana. Wakasema, tazama musichana alivyotulia. Nami nikaitikia ndiyo, nimemulea kwa utulivu.

Kwetu kuna ulizo ambalo wakwe hawakosi kuuliza. Mama wa yule kijana aliuliza kwa heshima zote, "Dada yangu, kuna ugonjwa katika nyumba hii ambao tujue?" Wanauliza kwa sababu ya kifafa, ukoma, mambo kama hayo. Nikacheka. "Ugonjwa wa kwetu ni maringo tu." Watu wote wakacheka, na posa ikapita.

Walipoondoka, Zuhura akaniuliza, "Mama, na moyo?" Nikamuambia, moyo uko ndani, nani atauona. Hina isikutoke vidoleni. Wakikukuta umechuchumaa, sema ni mugongo. Mume akiuliza juu ya kucha, muambie wanawake wa ukoo wetu wote wako hivyo. Nilimuapisha. Akasema ndiyo mama. Yeye si mutoto wa kubishana nami, na hapo ndipo ubaya wangu ulipopata njia.

Na ile karatasi ya Bukavu niliichoma. Asubuhi ya ndoa, chini ya sufuria ya pilau, kwa mukono wangu huu. Niliogopa isije ikaonekana kwenye vitu vyake.

Akaenda Salamabila. Miaka miwili akakaa vizuri, ao ndivyo alivyonitumia salamu. Mume alimupenda, alimuwekea mutu wa kumutekea maji bila kuuliza sana. Mimba haikuja. Wakati ule nilinung'unika kwa Mungu, leo namuambia aksanti.

Kisha ukaja msimu wa kiangazi, maji ya kule yakawa machafu kwa ajili ya machimbo, watu wakaanza kuharisha. Zuhura naye akaharisha, akatapika, siku tatu. Wakamungojea kama wanavyomungojea mutu yeyote mwenye tumbo: leo itaacha, kesho itaacha. Nani angewaambia kwamba kwa huyu siku tatu ni nyingi? Aliyejua ni mimi na yeye, na yeye alikuwa ameapa.

Siku ya nne mume akamupakia kwenye pikipiki, akamufunga kwa kikwembe mugongoni mwake, mama wa mume akakaa nyuma kumushikilia. Wakalala njiani, kesho yake wakaingia Kasongo. Mutu akanikimbilia sokoni kuniambia, nikaacha beseni yangu wazi nikaenda.

Walikuwa wamemuweka katika chumba cha wagonjwa mahututi. Chumba kidogo, vitanda vinne, mashine moja ya oksijeni. Nilifika mulangoni, nikachungulia, nikaona mukwe wangu ameketi kando ya kitanda, ameshika ile kofia ya pumzi kwenye pua ya Zuhura. Basi nikarudi nyuma.

Wewe usiye wa kwetu utashangaa. Kwetu mama hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Akija kwa njia hii, unashika ile. Hali chakula mbele yako, humutazami usoni, na hata sauti yako unaipunguza akipita. Ni heshima, tumeikuta, hakuna anayetulazimisha. Kwa hiyo mimi, mama wa mugonjwa, nikaenda kuketi nje, kwenye jiko la watu wanaotunza wagonjwa, chini ya dirisha la kile chumba. Mama wa mukwe wangu alikuwa hapo, anawasha makala ya kupikia uji. Tukasalimiana. Tukalia kidogo pamoja.

Muezini alikuwa akiita sala ya adhuhuri nilipomusikia daktari dirishani. Kijana mudogo, sauti ya upole. "Muke wako ana ugonjwa wa zamani? Toka utoto?"

Mukwe wangu akajibu, "Dokta, anachoka haraka, ndilo ninalojua. Mama yake iko hapo nje, mumuulize yeye."

Unaona? Alinitaja mimi. Aliniamini mimi.

Muuguzi akatoka na daftari lake, akasimama mbele yetu. "Nani mama wa Zuhura? Mama, binti yako aliwahi kuwa na ugonjwa wa moyo, ao wa mapafu? Oksijeni yake haipandi. Tumefungua mashine mpaka mwisho, haipandi."

Mwenzangu aliyekuwa akipuliza makala akaacha kupuliza. Akainua macho akaniangalia. Hakuwa na sura mbaya, alitaka tu kusikia. Lakini mimi niliona ile siku ya mukeka, nikasikia kicheko changu mwenyewe, nikaona jina langu linavyotembezwa kuanzia Salamabila mpaka hapa. Watasema, mwanamuke wa soko alidanganya posa. Nikaona heri nife.

"Hapana," nikasema. "Mutoto wangu alikuwa muzima mpaka alipotoka kwangu."

Isikie vizuri hiyo sentensi. Sikutosheka kudanganya, nikawatupia na wenzangu lawama. Mama wa watu akainamisha kichwa, akarudi kupuliza makala yake.

Muuguzi akaandika, akaingia. Madaktari wakashika lile walilopewa. Mutu muzima, pumzi fupi, midomo imebadilika rangi: walifikiri maji yamejaa kwenye mapafu. Wakamupiga sindano ya kukojoza, ile inayotoa maji mwilini. Mutoto ambaye alikuwa amekwisha kauka siku nne.

Nikasimama nikachungulia dirishani. Zuhura alikuwa anavuta magoti. Hana nguvu, macho yamefumba, lakini magoti yanapanda yenyewe kuelekea kifuani, kama toka utotoni. Muuguzi anayanyoosha polepole. "Tulia dada, lala vizuri, utapumua." Anayavuta tena. Wanayanyoosha tena. Mwisho muuguzi akamuomba mume asaidie, naye akashika vifundo vya miguu kwa mikono miwili, akivikandamiza kitandani, huku anamubembeleza, "Kidogo tu, muke wangu, vumilia kidogo."

Nilijua. Nilikuwa nimesimama na mwiko mukononi nikijua kila kitu: karatasi nzima naikumbuka, neno kwa neno. Nilijua wanamunyima pumzi na nilijua wanamukausha. Mulango ulikuwa hatua sita kutoka nilipo, na mimi nikawa najiambia, ngoja kidogo, mume atatoka kwenda kusali, nitaingia nimunong'oneze daktari. Mume hakutoka. Aliacha sala yake akamushika muke wake. Adhuhuri ikapita, nikangoja. Nilingoja mpaka muezini akaita alasiri, mimi bado naona haya.

Hapo ndipo Zuhura aligeuza kichwa upande wa dirisha. Mudomo wake ulikuwa umekwenda upande mumoja. Mukono wa kulia ukateleza kitandani ukaning'inia, na hakuurudisha.

Sijui nilivyoingia. Kitambaa cha kichwa kilianguka mulangoni. Mukwe wangu aliponiona akainuka kwa mazoea, akageukia ukuta, akafunika uso wake kwa heshima yangu. Heshima gani jamani! Nikamupigia daktari kelele: moyo una tundu, alizaliwa nalo, bomba ni jembamba, damu ni nzito, asikauke, mumukunje magoti, mumukunje magoti!

Daktari aliniangalia kidogo tu. "Mulijua toka lini?"

"Toka ana miaka minane."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alikwenda yeye mwenyewe akakunja magoti ya Zuhura, akayasukuma kifuani. Akaomba seramu, akamuambia muuguzi aangalie mupira wote asiache kipovu hata kimoja. Ile namba inayosomwa kwenye kidole, iliyokuwa imekataa kupanda muchana kutwa, ikaanza kupanda. Ilipanda mbele ya macho yangu. Kwa magoti na maji.

Baadaye akanieleza nje, taratibu, kama mutu anayeeleza mwanafunzi. Damu nzito ikikosa maji inaganda. Kipande kimetoka, kimepita kwenye lile tundu, kimekwenda kwenye ubongo. "Tungejua saa sita," akasema, halafu akaacha sentensi hiyo bila kuimaliza, akarudi kwa mugonjwa wake.

Zuhura hakufa. Watu wananiambia nishukuru, nami nashukuru, lakini acha nikuambie alivyobaki. Mukono wa kulia hauinuki. Muguu anauburuta. Maneno yanatoka machache na yamevunjika, na yule mucheshi wangu sijamusikia tena.

Nilingoja wakwe wanitukane. Nilikuwa hata nimeandaa majibu, maana mimi ndivyo nilivyo. Mama wa mukwe wangu alinijia siku ya tatu, akaketi kando yangu pale jikoni. "Nina mudogo wangu kipofu," akasema. "Nimemulea toka tukiwa wasichana, mpaka leo anakula sahani moja nami. Ulifikiri ningeshindwa na mutoto anayechuchumaa?"

Na mukwe wangu. Siku ya kutoka lopitali alisimama nje ya mulango, amenipa mugongo kama inavyotakiwa, akaongea akiangalia uwanja.

"Mama, ile hina ilipotoka mara ya kwanza niliona kucha zake. Nilimuuliza. Akaniapia kwa jina lako kwamba wanawake wa ukoo wenu wako hivyo. Kumuuliza tena ingekuwa ni kukuita wewe muongo, nami sikuweza kumufanyia mama yangu mukwe hivyo." Kisha akasema, "Miguu yake, mama. Ni mimi niliyeishika."

Hilo ndilo linaloniamsha. Mwanaume yule hakufanya kosa lolote, lakini mukono uliotumika ni wake. Uongo wangu nilimukabidhi yeye aumalize.

Hajamuacha. Amefunga duka lake la Salamabila, amehamia hapa Kasongo ili wawe karibu na lopitali. Anamubeba, anamuosha, anamulisha. Mimi naenda kumuona binti yangu mume akiwa ametoka, napita uani. Naye akijua nipo anachelewa kurudi makusudi, ili nikae zaidi. Bado ananiheshimu, na hiyo heshima ndiyo adhabu yangu.

Juzi juzi daktari mugeni wa moyo alipita hapa, tukamupeleka Zuhura. Mimi na mama wa mume wake tulimushika huku na huku, mume akabaki nje kwa sababu yangu. Daktari akaketi mbele yake, akamuuliza kwa upole, yeye mwenyewe, si sisi. "Dada, ugonjwa huu ulianza lini?"

Zuhura akaniangalia mimi kwanza. Kisha akamuangalia mama mukwe wake. Kisha akarudi kwangu, macho yake yananiuliza.

"Sema mwanangu," nikamuambia. "Sema kweli yote."

Akapambana na mudomo wake mpaka jasho likamutoka. Neno moja, akapumzika, neno lingine. "Nilikuwa... muzima," akasema. "Kwa mama... nilikuwa muzima."

Na daktari akainamia kitabu chake kuandika. Ilibidi nimushike mukono. Nikamuambia dokta, futa, si kweli, mimi ndiye nilimufundisha hivyo. Zuhura akanitazama kwa hofu, kama vile nimejitia aibu mbele ya watu na yeye ameshindwa kunilinda.

Kila siku namuambia kiapo kimekwisha. Anaitikia kwa kichwa. Lakini mutu akimuuliza mbele yangu, anajibu lile lile.

Sasa wewe mama, wewe shangazi, wewe uliyefunga ugonjwa wa mutoto wako kwenye sanduku ukingoja aolewe. Najua unavyojiambia, nimejiambia yote. Wakwe wakiuliza, waambie. Wakiondoka, wacha waondoke, mulango upo kwa ajili hiyo. Na kama umekwisha kudanganya kama mimi, basi siku muuguzi atakapotoka na daftari lake, sema. Mukwe awe mbele yako, awe nyuma, awe amekukalia magotini, sema hapo hapo. Ukiulizwa saa sita, jibu saa sita.